Damu isiyokoma, damu inayoganda ovyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wazima

Daktari bingwa wa magonjwa ya damu anatibu nini hasa?

Anatibu damu yenyewe na uboho unaoitengeneza. Kwa upande huu wa kutoka na kuganda kwa damu, kazi yake ni kulinda mizani. Ukijikata na kisu jikoni, mshipa hujibana, chembe sahani hukimbilia mahali pale na kushikana kuwa kizibo laini, kisha protini za damu huamshana moja baada ya nyingine mpaka zinasuka nyuzi zinazokikaza kile kizibo. Protini hizo zina namba, na kliniki zote huziita fakta: fakta ya 8, fakta ya 9, na kadhalika. Wakati huohuo mwili unaweka breki ili mgando usienee kupita kidonda. Breki ikizidi, au kizibo kikiwa dhaifu, damu haikomi. Breki ikilegea, damu inaganda ndani ya mshipa ambao haujaumia popote. Ndiyo maana mgonjwa wa himofilia (ugonjwa wa kupungukiwa fakta) na mtu mwenye donge la damu mguuni hukaa benchi moja wakimsubiri daktari mmoja.

Nitajuaje kwamba damu yangu inatoka kupita kawaida?

Angalia kilichotokea mwili ulipojaribiwa. Ulipong'olewa jino, uliamka kesho yake mto umelowa damu? Ulipotahiriwa, ulirudishwa hospitali? Baada ya kujifungua au upasuaji uliongezewa damu bila daktari kueleza sababu? Maswali hayo yana uzito kuliko kipimo chochote cha kwanza, na daktari atayauliza moja moja akiyapa alama. Jumla ikifika 4 kwa mwanamume au 6 kwa mwanamke, anakuwa na sababu ya kuendelea na vipimo vya ndani zaidi.

Mahali damu inapotokea pia panasema kitu. Damu ya puani inayozidi dakika 10 hata ukibana pua vizuri, fizi zinazovuja, hedhi nzito na vidoto vyekundu kwenye ngozi huelekeza kwenye chembe sahani au ugonjwa wa von Willebrand, yaani kasoro ya protini inayosaidia chembe sahani kunata. Damu inayojaa ndani ya goti, kiwiko au msuli wa paja huelekeza kwenye upungufu wa fakta, hasa himofilia.

Kuvilia damu kwenye miguu na mikono kwa mtu anayebeba mizigo au kucheza mpira ni kawaida. Kuvilia tumboni, mgongoni na kifuani, mabaka makubwa kuliko sarafu na hukumbuki ulijigonga wapi, hiyo ipeleke kliniki.

Hedhi yangu ni nzito, lakini mama na dada zangu wako hivyo hivyo. Si ni maumbile ya familia yetu tu?

Familia nzima kuwa na hedhi nzito ni sababu ya kupimwa, kwa kuwa magonjwa haya hurithiwa. Von Willebrand, ugonjwa wa kurithi wa kutoka damu unaoongoza kwa wingi duniani, huwapata wanawake na wanaume sawa, lakini wanawake ndio wanaoumia zaidi kwa sababu ya hedhi na uzazi. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 na daktari wa Ufini, Erik von Willebrand, aliyemchunguza binti mmoja wa visiwa vya Åland na ndugu zake. Binti huyo alifariki kwa damu ya hedhi akiwa bado kijana. Karibu miaka 100 baadaye, bado wapo wanawake wanaoambiwa wavumilie.

Hedhi ni nzito ikiwa inapita siku 7, ikiwa unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, ukiamka usiku kwa kuchafua shuka, au ukitoa mabonge yenye upana wa sentimita 2.5 na zaidi. Daktari wa magonjwa ya wanawake atatafuta uvimbe wa kizazi. Daktari wa damu atapima chembe sahani, fakta ya 8 na protini ya von Willebrand. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, hivyo kupatikana kwa uvimbe kusifunge mjadala.

Matibabu yapo na mengi hayana gharama kubwa. Vidonge vya asidi ya traneksamiki, gramu 1 (yaani vidonge 2 vya mg 500) mara 3 kwa siku katika zile siku za damu nyingi, kwa kawaida siku 4, huzuia mgando usiyeyuke mapema. Havifai kwa mtu aliyewahi kupata donge la damu. Kitanzi chenye homoni hupunguza damu sana, na wengi hufika mahali hedhi inakuwa matone tu. Usisahau madini ya chuma: kidonge kimoja kwa siku au siku moja baada ya nyingine, kwa maji au juisi ya machungwa, mbali na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Endelea miezi 3 baada ya kiwango cha damu mwilini kurudi sawa, kwani ghala la chuma hujaa mwisho.

Niende kliniki na nini?

Barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na majibu yote ya zamani hata yale yaliyochakaa. Beba dawa zako zenyewe ndani ya mfuko, pamoja na za miti shamba na unga wa dukani. Kusema "natumia kile kidonge cheupe cha presha" hakumsaidii daktari. Kabla ya siku hiyo wapigie simu shangazi, wajomba na bibi: nani alitoka damu sana akijifungua, mtoto gani wa kiume alifariki jandoni, nani alikatika ghafla baada ya mguu kuvimba. Chora ukoo kwenye karatasi, wanaume kwa mraba na wanawake kwa duara. Dakika 20 za kazi hiyo nyumbani huokoa miezi ya vipimo.

Kwa nini nachomwa damu mara mbili na tatu kwa kipimo kilekile?

Kwa sababu vipimo vya kuganda ni vyepesi kuharibika kabla damu haijafika maabara. Damu hiyo huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu, ambacho ndani yake mna dawa ya sitreti. Uwiano ni damu 9 kwa sitreti 1, na kichupa kina mstari unaoonyesha mwisho wa kujaza. Kikijazwa nusu, sitreti inazidi, na muda wa kuganda unatoka mrefu wa uongo. Mtu mwenye afya kabisa anaandikiwa kuwa ana tatizo. Kikitikiswa kwa nguvu au damu ikivutwa kwa shida, mgando unaanza ndani ya sindano na majibu hayana maana. Damu inatakiwa kupimwa ndani ya saa 4 hivi. Kichupa kilichosafiri na bodaboda mchana kutwa hakifai. Una haki ya kutazama kichupa chako na kuuliza kama kimefika mstarini.

Mchanganyiko wa kwanza huwa ni hesabu kamili ya damu, pamoja na PT na APTT, vipimo viwili vya muda wa damu kuganda. PT inaangalia zaidi fakta ya 7 na ile njia inayoguswa na ini na warfarini (kidonge cha kuzuia mgando). APTT inaangalia fakta ya 8, 9 na 11. APTT ikiwa ndefu, maabara huchanganya plazma yako (maji ya damu yasiyo na chembe) na ya mtu mwenye afya nusu kwa nusu. Ikirekebika, umepungukiwa fakta. Isiporekebika, kuna kitu kinachozuia, kwa mfano kingamwili. Hapo ndipo fakta moja moja hupimwa.

PT na APTT zikiwa nzuri bado von Willebrand inaweza kuwepo, na hilo huwapotosha wengi. Kiwango cha protini hiyo hupanda kwa ujauzito, homa, hofu na mazoezi, na watu wa kundi O la damu wanayo pungufu kwa karibu robo wakilinganishwa na makundi mengine. Kwa hiyo jibu la "kawaida" lililopatikana ukiwa mgonjwa wa homa litarudiwa, na hapo daktari hajakosea.

Nina himofilia. Je, nitawarithisha watoto wangu?

Kinasaba chake kiko kwenye kromosomu X. Baba mwenye himofilia hawezi kumpa mtoto wa kiume, maana humpa Y. Mabinti zake wote watakibeba. Mama mbebaji ana nafasi nusu kwa nusu katika kila ujauzito: mtoto wa kiume kuugua, au wa kike kuwa mbebaji. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, kwa hiyo zile lawama za kumtafuta aliyeleta ugonjwa nyumbani ziachwe.

Mbebaji naye apimwe fakta yake. Baadhi yao wako chini ya asilimia 40 na wao wenyewe wana himofilia, ingawa miaka yote waliitwa "wabebaji tu".

Himofilia A na B zinatofautianaje, na kuna haja gani ya kujua?

A ni upungufu wa fakta ya 8, B ni wa fakta ya 9. Dalili ni zilezile, dawa ni tofauti. Chini ya asilimia 1 ya fakta ni kali, 1 hadi 5 ni ya wastani, na zaidi ya 5 hadi 40 ni nyepesi.

Hesabu ya dozi ifahamu mwenyewe. Kwa fakta ya 8, yuniti 1 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango kwa asilimia 2. Mtu wa kilo 60 anayetaka kufika 40 kwa ajili ya goti: 60 × 40 × 0.5 = yuniti 1,200. Kwa fakta ya 9, yuniti 1 kwa kilo hupandisha asilimia 1 hivi, hivyo mtu huyohuyo anahitaji 2,400. Fakta ya 8 hupungua kwa nusu ndani ya saa 12 hivi, ya 9 hudumu karibu mara mbili ya hapo. Chupa iliyofunguliwa humalizwa yote. Kumwaga yuniti 200 ili hesabu itoke sawasawa ni hasara tupu.

Pale ambapo fakta ya chupa haipo, ndipo makosa makubwa hutokea. Kriopresipiteti, mfuko wa protini zilizokusanywa kutoka kwenye plazma ya wachangia damu, ina fakta ya 8, von Willebrand na fibrinojeni (protini ya nyuzi za mgando), karibu yuniti 70 hadi 80 za fakta ya 8 kwa mfuko. Fakta ya 9 haimo. Mgonjwa wa himofilia B akitundikiwa kriopresipiteti, hajatibiwa. Yeye apewe plazma iliyogandishwa, na hata hiyo ina kikomo: ml 15 kwa kilo kwa mtu wa kilo 60 ni ml 900, maji mengi kwa moyo, na humpandisha kwa asilimia 15 tu au chini ya hapo. Jina la ugonjwa wako, pamoja na ile herufi, likae kichwani kama jina la baba yako.

Afrika Mashariki sehemu kubwa ya fakta hufika kama msaada kupitia Shirikisho la Dunia la Himofilia, na mgao huangalia idadi ya wagonjwa waliosajiliwa. Ukijisajili kwenye kliniki ya himofilia, Muhimbili, KCMC au Bugando kwa Tanzania, Kenyatta jijini Nairobi au hospitali ya rufaa ya Moi Eldoret kwa Kenya, unaongeza chupa za wengine pia.

Goti linawasha kwa ndani lakini halijavimba. Nisubiri?

Usisubiri. Ule mwasho au hisia ya joto ndani ya kiungo ndiyo dalili ya kwanza, na wagonjwa waliokomaa huitambua kabla ya daktari. Jidunge fakta au kimbilia kliniki ndani ya saa 2. Damu ikishakaa kwenye kiungo, chuma chake huumiza utando wa ndani, utando unavimba na kuota mishipa mipya dhaifu, na mishipa hiyo inavuja tena kwa urahisi. Hivyo ndivyo goti moja linavyokuwa "goti la kila mwezi" na hatimaye kukakamaa.

Pamoja na fakta: pumzisha mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, funga bandeji kiasi, inua mguu juu ya mito. Usikande kwa maji ya moto, usichue kwa dawa, wala usikubali mtu kukuchanja chale. Maumivu yakipungua, anza mazoezi ya kunyoosha taratibu kwa mtaalamu wa viungo, la sivyo msuli wa paja unanywea na goti linakosa mlinzi.

Kuna damu moja inayowadanganya hata madaktari wenye uzoefu: ya msuli wa ndani wa nyonga. Mgonjwa anashika kinena au tumbo la chini, amekunja paja na hawezi kulinyoosha, pengine ngozi ya mbele ya paja imekufa ganzi. Upande wa kulia inafanana kabisa na kidole tumbo. Akipasuliwa bila fakta anaweza kufia mezani. Sema mapema kabisa: "Nina himofilia, naomba fakta na utrasaundi kwanza."

Kwa kugonga kichwa, utaratibu unageuka: fakta kwanza ya kufikisha asilimia 80 hadi 100, kipimo cha CT baadaye. Kusubiri picha ndipo utibiwe ni kosa.

Fakta naitunzaje nyumbani?

Kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwenye rafu ya kati, kamwe si kwenye barafu. Aina nyingi huvumilia joto la chumba kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, lakini ikishatoka usiirudishe. Andika tarehe uliyoitoa. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa chumba cha bati kinaweza kuvuka nyuzi 30, basi uliza kliniki kama wanakutunzia. Wakati wa kuchanganya, acha chupa zote mbili, ya unga na ya maji, ziishe ubaridi, ingiza maji polepole yateremke ukutani mwa chupa, kisha zungusha kwa viganja. Ukitikisa, povu linatokea na protini inaharibika. Kukiwa na vipande vinavyoelea usidunge. Piga picha namba ya toleo kabla ya kutupa chupa.

Kuna sindano ya chini ya ngozi inayozuia damu. Ni kweli?

Kweli. Emisizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, kwa himofilia A pekee. Hufanya kazi ya fakta ya 8 kwa kuishika fakta ya 9 na ya 10 pamoja. Huanza kwa mg 3 kwa kilo kila wiki kwa wiki 4, kisha hutolewa kila wiki, kila wiki 2 au kila wiki 4 kwa dozi iliyopangwa. Inawafaa hata waliotengeneza kingamwili dhidi ya fakta ya 8, tatizo linalowapata karibu 3 kati ya 10 wenye himofilia A kali.

Mambo mawili yakumbukwe. Dawa hii hufanya APTT ionekane nzuri hata kama mgonjwa anavuja, hivyo daktari asiyejua anaweza kukurudisha nyumbani. Pia ni kinga: ukipata ajali au upasuaji bado unahitaji fakta, na kwa mwenye kingamwili aina ya dawa ya kuongezea ichaguliwe na kliniki, maana moja wapo ikizidi inaweza kugandisha damu kwenye mishipa midogo.

Ni dawa gani za maumivu niziepuke?

Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote, kwa kuwa huzizuia chembe sahani zisishikane. Aspirini moja huharibu chembe sahani kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10. Paracetamol haina shida kwa dozi ya kawaida. Sindano za kwenye tako, hasa ile ya diklofenaki inayotolewa kwenye maduka ya dawa kwa kila mgongo unaouma, ni hatari mara mbili: dawa yenyewe na tundu la msuli, linaloweza kujaa damu nusu lita bila kuonekana nje. Chanjo hutolewa kwa sindano nyembamba chini ya ngozi inaporuhusiwa, kisha unabana dakika 10 ukitazama saa.

Naenda kung'oa jino. Niseme nini?

Usiseme siku hiyo. Sema wiki 2 kabla. Daktari wa damu huandika mpango kwa daktari wa meno: dozi ya fakta kabla ya kung'oa au, kwa himofilia A nyepesi na von Willebrand aina ya 1, desmopresini ya mikrogramu 0.3 kwa kilo, inayofukuza akiba ya fakta kutoka kwenye kuta za mishipa. Ukipewa desmopresini, maji ya kunywa yapungue kwa saa 24, kwani mwili huyashikilia na chumvi ya damu ikishuka mtu anaweza kupata degedege. Asidi ya traneksamiki huendelea siku 5 hadi 7. Chakula kiwe uji uliopoa na ndizi zilizopondwa. Usinyonye kwa mrija, ule mvuto unang'oa kizibo. Omba jino moja kwanza, si matatu kwa pamoja.

Majibu yanasema chembe sahani ziko chini. Nitakufa?

Kawaida ni elfu 150 hadi elfu 450 kwa mikrolita. Juu ya elfu 30 watu wengi hawavuji wenyewe. Chini ya elfu 10 ndipo hatari hukua. Kwanza hesabu irudiwe na damu itazamwe kwa hadubini, kwa sababu kwenye kichupa cha zambarau chembe sahani za baadhi ya watu hushikamana na mashine huzihesabu pungufu. Mtu mwenye afya kabisa ameshapewa dawa kali kwa kosa hilo.

Malaria na dengi huzishusha kwa siku chache, nazo hupanda zenyewe. VVU, homa ya ini, pombe, ini lililokakamaa na dawa kadhaa hutafutwa. Ikibaki kwamba kinga ya mwili ndiyo inazila, matibabu ya kwanza kwa mtu mzima ni prednisoloni, au deksamethasoni mg 40 kila siku kwa siku 4. Kabla ya kuanza, sukari ipimwe, kifua kikuu kitafutwe, na kwa mtu anayeishi kwenye ardhi yenye minyoo ya strongiloidi atibiwe kwanza, maana dawa hizi huwafungulia minyoo hao mwili mzima. Lengo ni kuacha kuvuja. Kumfukuzia mgonjwa namba nzuri kwa miezi ya prednisoloni humwachia kisukari na mifupa dhaifu.

Mguu mmoja umevimba na unauma. Ni donge la damu?

Mguu mmoja, uvimbe uliokuja kwa siku chache, joto, na maumivu ya nyama ya mundi: pimwa leo. Uwezekano hupanda ukiwa umefanyiwa upasuaji, umelazwa, umejifungua ndani ya wiki 6, una saratani, VVU, kifua kikuu au selimundu, unatumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, au umetoka kukaa kwenye basi la Dar es Salaam hadi Mwanza bila kunyoosha miguu. Ukiongezeka upungufu wa pumzi, kifua kinachochoma ukivuta hewa, au kuzirai, huenda kipande kimehamia pafuni. Hiyo ni gari la wagonjwa, si kliniki ya kesho.

Kipimo ni utrasaundi ya Doppler: mtaalamu hubonyeza mshipa, ukikataa kubonyea kuna donge. Kipimo cha D-dima kinafaa kuondoa wasiwasi kwa mtu mwenye uwezekano mdogo. Kwa mjamzito, mwenye maambukizi au aliyepasuliwa karibuni hupanda kwa sababu nyingine nyingi, na kumwambia ana donge kwa D-dima peke yake ni makosa.

Dawa za kuzuia mgando haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue huku mwili ukiliyeyusha wenyewe, ndiyo maana matibabu ni miezi 3 kwa uchache. Donge lililotokana na sababu iliyokwisha, kama mguu uliovunjika, huachwa hapo. Lililokuja bila sababu mara nyingi huendelea na dawa kwa muda mrefu.

Natumia warfarini. Niache mchicha?

Hapana. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K, ambayo hupingana na warfarini. Ukila kiasi kilekile kila wiki, dozi inapangwa kuendana na chakula chako. Shida huja pale mtu anayekula mboga kila siku anapoacha ghafla, au wakati wa mfungo mlo unapobadilika. Mjulishe anayekupima.

INR ni namba inayotokana na PT, inayoonyesha warfarini imechelewesha mgando kiasi gani. Ya kulenga ni 2 hadi 3 kwa donge, na 2.5 hadi 3.5 kwa valvu ya chuma ya upande wa kushoto kati ya vyumba vya moyo. Warfarini huchukua siku 5 au zaidi kufanya kazi, na mwanzoni hushusha breki za mwili kabla ya fakta zenyewe. Kwa hiyo huanza pamoja na heparini, sindano ya kuzuia mgando, kwa siku 5 kwa uchache, na heparini haikatwi mpaka INR imekaa 2 au zaidi kwa saa 24. Kuruhusiwa nyumbani na warfarini peke yake siku ya kwanza kunaweza kuongeza donge.

Septrin, Flagyl na flukonazoli hupandisha INR ndani ya siku chache. Ukipewa mojawapo, pima baada ya siku 3 hadi 5. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na dozi inaweza kuhitaji kuongezwa mara mbili au zaidi, kisha ipunguzwe rifampisini ikiisha. Hapo ndipo wengi huvuja, kwa kuwa dozi kubwa imeachwa vilevile.

Jua dozi yako kwa miligramu, usiijue kwa rangi. Kidonge cha waridi cha Uingereza ni mg 5. Cha waridi cha Marekani ni mg 1. Duka lako likibadilisha kampuni, rangi inaweza kukudanganya. Ukisahau dozi, imeze siku hiyohiyo ukikumbuka. Kesho usimeze mbili.

Vidonge vipya visivyohitaji INR ni bora?

Kwa wengi, ndiyo. Rivaroksabani ni mg 15 mara 2 kwa siku kwa siku 21, kisha mg 20 mara moja, pamoja na chakula, maana tumbo tupu hupunguza kufyonzwa. Apiksabani ni mg 10 mara 2 kwa siku 7, kisha mg 5 mara 2. Nguvu yake huisha ndani ya siku moja, kwa hiyo kuruka dozi ni kukaa bila kinga. Havifai kwa valvu ya chuma, kwa ujauzito, wala kwa mtu anayetumia rifampisini. Figo zipimwe kabla na angalau mara moja kwa mwaka.

Nipimwe kama nimerithi tatizo la kuganda?

Mara nyingi jibu halibadilishi matibabu. Badiliko la fakta ya 5 linalotafutwa sana Ulaya ni nadra kwa Waafrika, hivyo fedha yako ina kazi nyingine. Protini C na S, ambazo ni breki za mgando, zikipimwa ukiwa kwenye warfarini zitatoka chini kwa kila mtu. Protini S hushuka pia kwa ujauzito na VVU. Kipimo chenye faida ni cha kingamwili za fosfolipidi, hasa kwa kijana aliyepata donge bila sababu, kiharusi, au mwanamke aliyeharibikiwa mimba mara kadhaa. Kikitoka chanya hurudiwa baada ya wiki 12 kabla ya kumwandikia mtu ugonjwa wa maisha. Kikithibitika katika vipimo vyote vitatu vya kingamwili hizo, warfarini hushinda vidonge vipya.

Nataka kupata mtoto. Nianzie wapi?

Kliniki, kabla ya mimba. Warfarini huumiza kiumbe, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, kwa hiyo mwenye donge huhamia kwenye sindano za enoksaparini (aina ya heparini) mara tu kipimo cha mimba kikiwa chanya. Mwenye valvu ya chuma anahitaji mpango wake peke yake, asiache dawa mwenyewe. Baada ya kujifungua, warfarini na heparini haziwadhuru wanaonyonya.

Kwa von Willebrand, kiwango hupanda ujauzito unavyokua na siku ya kujifungua kinaweza kuwa kizuri. Kisha hushuka, na damu hurudi wiki ya kwanza hadi ya tatu, mama akiwa ameshafika nyumbani na watu wakidhani ni damu ya kawaida ya uzazi. Pima tena mwezi wa 7 hadi wa 8, na uwe na traneksamiki nyumbani. Mtoto wa kiume wa mama mbebaji asitolewe kwa kifaa cha kuvuta kichwa, asidungwe msulini wala kutahiriwa mpaka fakta yake ijulikane.

Nibebe nini mfukoni?

Kadi moja ngumu, iliyofunikwa plastiki, na nakala yake kwenye simu. Kwa mfano: "Himofilia B, kali. Fakta ya 9 chini ya asilimia 1. Kilo 60. Hana kingamwili. Damu ya kiungo: yuniti 2,400 za fakta ya 9. Kichwa, tumbo, shingo: yuniti 6,000 mara moja, kabla ya picha. Bila fakta: plazma, si kriopresipiteti. Hakuna sindano ya msuli. Hakuna aspirini wala diklofenaki." Chini yake iwepo simu ya kliniki na ya ndugu anayejua kuchanganya dawa. Kwa anayetumia dawa za kuzuia mgando: jina la dawa, miligramu, sababu, saa ya dozi ya mwisho, na INR tatu za mwisho zikiwa na tarehe. Uzito ubadilishwe kila mwaka, na hesabu zirekebishwe siku hiyohiyo.